Niliiandika Gizani

Stima ilirudi saa mbili kasorobo, tarehe ishirini na tisa Juni,
na dukani kwangu Kawangware, mlango wa nne kutoka kwa muuza mkaa,
watu sita walikuwa wakisubiri kuwasilisha ritani.
Nikabonyeza.
Feni ikavuma. Taa ya kijani ikawaka.
Nembo ikatokea na madoadoa
kama leso iliyomwagikiwa jiki,
kisha skrini ikawa nyeusi.

Haikuwa imezimika. Hilo ndilo lililonichoma.
Kilichokufa hunyamaza.
Hii ilikuwa inapumua miguuni pangu,
diski inasaga, inakwaruza, kama panya darini,
inatimiza kazi zake zote
isipokuwa ile moja ya kunitazama.

Bwana Shiyuka, mlinzi wa usiku, akasema, "Ipige ubavuni."
Televisheni ya baba yake iliishi miaka kumi kwa makofi.
Nikaipiga.
Nikachomoa kebo, nikaipuliza, nikaichomeka.
Nikaazima skrini ya duka la dawa.
Weusi uleule, ila mpana zaidi.
Watu wawili wakaondoka bila kuaga.

Ndipo nikamwita Kerubo,
yule msichana anayefungua simu chini ya ngazi
kwa kisu cha kupakia siagi.
Hakuuliza kitu. Aliinamisha sikio, akakaa hivyo,
hata Shiyuka akaacha kutafuna.
"Nywila yako unaijua kwa kichwa?"
"Kwa vidole."
"Basi iandike."

Niliiandika gizani,
jina la ng'ombe aliyeuzwa nikanunua mashine hii,
na mwaka aliouzwa.
Nikagonga kitufe kikubwa.
Kimya.
Halafu, kutoka kwenye spika yenye ufa,
ule mlio mdogo wa kukaribisha.

"Umesikia? Imefunguka.
Faili zako zote ziko hapo mbele yako, huzioni tu.
Ubongo mzima. Kadi ya picha ndiyo mgonjwa."

Na mimi nikamwona shangazi Rasoa,
baada ya kiharusi, uso umegoma upande mzima,
nasi kando ya kitanda tukigawana sufuria zake
kwa sauti ya kawaida.
Alikuwa anasikia.
Siku ya tatu alibana kidole changu, mara mbili, kwa nguvu,
nikasema ni mishipa tu.

Bisibisi. Skrubu nne, moja haikuwepo.
Kadi ikatoka na vumbi la miaka saba,
zito kama sufi ya mto.
Kerubo akaomba kifutio.
Nikampa cha mwanangu, chekundu, kinanukia stroberi,
akasugua yale meno ya dhahabu
polepole, huku na huku, mpaka yakang'aa.
Akairudisha.
Milio mitatu mikali. Sasa hata nembo hakuna.
"Imezidi," nikasema.
"Imekiri," akasema.

Akaing'oa kabisa. Akaweka kadi juu ya risiti.
Nyuma ya kasha, chini, palikuwa na tundu
lililozibwa kwa kifuniko cha plastiki
tangu siku nilipoinunua,
mlango wa madabodi yenyewe, ambao sikuwahi kuuliza ni wa nini.
Akakibandua kwa ukucha. Akachomeka kebo humo.

Picha ikaja.
Picha mbaya: herufi zimenenepa, faili kubwa kama vifuniko vya sufuria,
mwanangu kwenye mandhari kavutwa mashavu
mpaka akafanana na mkuu wake wa shule.
Hakuna aliyepiga makofi.
Mtu mmoja alikohoa.

"Nani alikuwa wa kwanza?"
"Mimi," akasema Shiyuka, na kunyoosha kitambulisho.
Nikasoma maswali kwa sauti, maana maneno hayakutosha kwenye kioo,
nusu yake ilining'inia nje.
Mapato ya mwaka?
Alifikiri kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji.
"Andika sufuri."
Nikaandika. Ilitokea kubwa, nono, katikati ya skrini,
sote tukaitazama.

Kerubo alikataa mia tano.
Alichukua mia mbili, na kifutio.