Gunia la Eulogia

Wenzake walileta fahari zao Jumapili ile, kule Lampa:
viazi vya zambarau, vyekundu, vilivyopinda kama kidole cha mguu,
vimetandazwa juu ya blanketi la alpaka.

Eulogia akafungua gunia. Harufu ikatangulia.
"Vyangu vimeoza. Nilifuata udongo mweusi wa bondeni,
jalidi ikanifuata mimi."

Mtu akakohoa.

Kisha Teófilo akachutama, akabonyeza kimoja,
maji yakamchuruzikia hadi kiwiko.
"Hata mimi, mwaka juzi. Nikawaambia ni panya."

Wakacheka, wakasogea.
Vile vizuri vikabaki vyenyewe juani.

"Baridi huteremka kama maji," akasema mmoja,
"bondeni ndiko inakolala."
"Basi inapitia wapi?"
Eulogia akaokota kijiti,
akaanza kuchora shamba lake mavumbini.