Yasiyoingia Kwenye Kumbukumbu

Kikao kilianza saa moja na robo, si saa moja,
kwa sababu ufunguo wa ukumbi alikuwa nao Bríd,
na Bríd alikuwa akitafuta miwani.
Nje, mvua ya Glasgow, ile isiyonyesha wala isiyokoma.
Mimi ndimi katibu. Kazi yangu kuandika.

Niliandika: ajenda ya kwanza, mapipa ya taka.
Niliandika: ajenda ya pili, taa ya uchochoro wa nyuma,
imekufa tangu Novemba.
Sikuandika jinsi Bi Morag alivyolitamka hilo "tangu Novemba",
kama mtu anayetaja tarehe ya msiba,
naye hupita hapo mkoba kaukumbatia kifuani
kama mtoto mwenye homa.

Mushtaq akasimama. Kioo cha duka lake, mara ya tatu.
Bima wamemkatalia. Mkewe hapati usingizi.
"Mimi sina ubaya na mtu," akasema,
na sote tukajua huyo mtu ni nani,
maana macho yake yalikwenda mlangoni
walikoegemea wavulana wanne wa Kiroma,
waliokuja kwa ajili ya biskuti, au joto,
au kwa sababu karatasi ya mwaliko ilisema "wote".

Konstebo Drummond alikuwa ameketi, kofia mapajani.
Mtu mwema. Nasema hivyo bila kuulizwa.
Miaka minne anaikanyaga Govanhill kwa miguu;
anajua mbwa wa nani mkali,
ghorofa ipi bomba linavuja,
Ramadhani inaandama lini, na kwamba Bi Morag
akichelewa kufungua pazia, apande akabishe.
Akasoma takwimu. Wizi umepungua kiasi.
Nikaandika: kiasi.
Kisha akasema doria imeongezwa pale kwenye kona,
vijana wanasimamishwa, wanapekuliwa, kwa adabu.

Neno adabu lilipotua,
mmoja wa wale wanne akajibandua ukutani.
Dezider. Miaka kumi na sita, koti la kakake,
mikono nje ya mifuko
kwa mazoea, ili ionekane.

"Jumanne ulinisimamisha," akasema.
"Alhamisi. Jumamosi tena, nimebeba maziwa.
Kila mara unaniuliza jina.
Jina langu unalijua.
Ulimbeba dada yangu alipovunjika mguu.
Ulikaa kwetu, mama akakupa supu.
Sasa unaniuliza nini?"

Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini.
Hawakusema kitu
kuhusu anayekujua.

Birika lilikuwa linachemka. Hakuna aliyelizima.
Konstebo akaigeuza kofia, upande huu, upande ule.
"Fomu," akasema mwishowe. "Fomu ina nafasi ya jina.
Lazima mwenyewe alitaje."
Akawa mwekundu hadi masikioni,
nikajua naye amelisikia lile neno, fomu,
likidondoka sakafuni kama sarafu ya nchi nyingine.

Mushtaq, niliyedhani atarudi kwenye kioo,
akauliza: "Maziwa ya dukani kwangu?"
"Ya dukani kwako. Nikapungukiwa peni kumi."
"Kumi na tano," akasema Mushtaq, akaketi,
na juu ya kioo hakuongeza neno
wala hakuondoa.

Hatukupatana. Nataka hili lieleweke.
Bi Morag bado anaogopa, na hofu yake si uongo.
Penye kioo bado pana ubao.
Dezider alichukua biskuti tatu akatoka
kabla ya ajenda ya nne, maegesho ya magari.

Nilipokuwa nakusanya vikombe nikawaona,
konstebo na mvulana, pale kwenye nguzo ya taa iliyokufa,
mwanga wa dirisha letu ukiwafikia kiunoni.
Hatua mbili kati yao, na mvua.
Hapakuwa na fomu, hapakuwa na tochi.
Walilosemezana sikulisikia.
Mikono ya Dezider ilikuwa mifukoni.

Nikafungua daftari tena.
Nikaandika: taa, ifuatiliwe.