Msumari Mahali pa Fyuzi

Landrova hii imenizidi umri kwa miaka minne.
Imelala bandani, nje ya Tregaron, misimu saba ya mvua,
na huku Wales sijaona msimu usio wa mvua.
Panya wamezaa ndani ya kiti cha dereva,
wakatafuna ngozi ya pamba ya nyaya, rangi na yote,
hadi nyekundu ikagusa buluu, buluu ikagusa bati.
Nilipounga betri haikuwaka taa hata moja.
Kilichowaka ni moshi.

Basi nang'oa.
Nimelala chali chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango,
tochi mdomoni, mate yananitiririka shavuni.
Hii ni Jumamosi ya tatu. Mke wangu anapiga simu
nami namjibu kwa irabu tupu: aa, oo, ee.

Nyaya nazitoa kama atoaye utumbo wa mbuzi,
taratibu, nyongo isipasuke,
nazilaza mezani jinsi zilivyolala garini:
kahawia, itokayo betrini bila kuomba ruhusa ya mtu;
nyeupe, inayosubiri ufunguo;
kijani, iliyopitishwa kwenye fyuzi ikafundwa adabu;
nyeusi, ya kurudi ardhini.
Mwalimu wetu chuoni Handeni alikuwa akisema
umeme ni mgeni: muoneshe mlango wa kutokea
kabla hujamkaribisha.

Penye kila kiungo pana kikaratasi chini ya utepe,
maandishi ya penseli, membamba, yameinamia upande mmoja.
Kiwelshi sikijui. Maneno mawili nimefundishwa na nyaya:
*chwith* ni kushoto, *de* ni kulia.
"Mkono wa Emrys," anasema Eluned, akitua kikombe juu ya madigadi.
"Aliandika kila kitu. Hata kopo la chumvi aliliandika chumvi."

Ndipo nikafika kwenye boksi la fyuzi.
Mahali pa fyuzi ya pili, msumari.
Msumari wa kweli, wa mbao, umekunjwa mpaka ukaenea,
umeungua ukawa buluu kama shingo ya njiwa.
Nikatukana. Nilitukana kwa Kiswahili, kwa adabu,
lakini tusi halihitaji mkalimani.
Nikamweleza: kazi ya fyuzi ni kufa kwanza,
hiyo ndiyo heshima yake yote,
kijiuzi chembamba kuliko unywele
kinakatika ili gari lisiungue.
Mpumbavu gani ameweka hapa kitu kisichokubali kufa?

"Mimi," akasema Eluned.

Usiku wa theluji. Emrys nyuma, juu ya magunia ya sufu,
mkono kifuani, hasemi.
Waipa zikasimama kabla hata ya geti la chini,
kioo kikawa ukuta.
Fyuzi ya akiba haikuwapo. Geti lilikuwapo.
Akang'oa msumari kwa koleo la kukatia kwato,
maili kumi na saba mpaka Aberystwyth,
harufu ya waya ikimkaba, waipa zikipiga,
naye akizihesabu kona kwa sauti ili mumewe azisikie.
"Tulifika," akasema.
Sikuuliza lililofuata.

Nimeweka fyuzi mpya, ya kioo.
Msumari aliuchukua, akautia mfukoni mwa koti
pamoja na kamba na pipi za mnanaa.
Nyaya mpya nimeziandika kwa mwandiko wangu mbaya,
kushoto, kulia,
na vikaratasi vya Emrys nimevifunga pembeni, utepe juu ya utepe.
Fundi ajaye atajijua.

Jioni nikazungusha ufunguo.
Taa kubwa zikauona ukuta. Waipa zikafuta vumbi la miaka saba.
Honi ikalia, kondoo wote wakageuka.
Indiketa ya kushoto: tiki, tiki.
Ya kulia kimya.

Eluned akaniuliza neno hilo lasemaje.
Nikamwambia: kulia, ni upande,
na ni kutokwa machozi pia.
Akalitafuna kidogo. "Basi iacheni," akasema, "haijawa tayari."

Ni ardhi tu. Kutu, nyuma ya kishikio cha balbu.
Kesho nitaikwangua, mvua ikiniruhusu.
Haitaniruhusu. Nitaikwangua.