Rafu ya Nne, Upande wa Dirisha

Siku ya kwanza Bi Chilewa alinipa kitambaa,
ufunguo, na onyo: vumbi la hapa Dodoma
halina kitambulisho, lakini linaingia.
Kisha akanionyesha maboksi kumi na tisa
yaliyotoka Korea, yamelala tangu mvua za mwaka juzi.
"Haya ni yako. Wiki nane. Usiyapange kwa rangi."

Sikujua hata juu ni wapi.
Kitabu cha kwanza nilikigonga muhuri kichwa chini,
nikaufuta kwa mate, nikaharibu zaidi.
Nikaanza kuzitazama herufi
kama mtu anayehesabu mbuzi wa jirani:
huyu ana pembe, huyu ana mguu mmoja,
hii duara ni kifuniko cha sufuria,
hii ni paa la nyumba isiyo na kuta,
na hii, Mungu wangu, ni dirisha tu.
Dirisha tupu. Inasomwa M.

Mchana, umeme ukikatika,
nilijifunza kuandika jina langu nyuma ya fomu zilizoharibika.
Nyemo. Kwetu ni furaha; bibi alinipa
mwaka ambao uwele ulikubali.
Nikalitafuta katika kamusi nene,
kidole kikipanda, kikishuka.
Halikuwamo. Jirani yake, pungufu ya kistari kimoja,
alikuwamo: mraba.
Nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia.
Furaha, ukiipunguzia kistari,
inaota pembe nne.

Kwenye daftari la mazoezi niliandika:
wiki ya tatu, hakuna aliyeazima.
Wiki ya nne, hakuna,
ila upepo umefungua dirisha.
Wiki ya sita akaja Masima wa mwaka wa pili,
mtoto wa wakulima wa Mpunguzi, akikimbia jua.
Nilikuwa nimeshika kitabu chenye picha za mizabibu.
"Hawa nao?"
Hawa nao.

Tukakaa sakafuni, wawili wasiojua kusoma
katika jengo lililojaa wasomi,
tukasoma mikono: mkono unakata tawi,
mkono unafunga uzi,
na kila shada limevikwa mfuko wa karatasi
kama mtoto anayepelekwa kliniki asubuhi ya Juni.
"Ndege," alisema Masima. "Wanawakwepa ndege."
Au nyigu. Au mvua. Tulibishana kwa kunong'ona.
Hakukiazima. Alipiga picha tatu
kwa simu yenye ufa, akaenda zake.

Leo narudisha ufunguo.
Maboksi kumi na saba yamepangwa, mawili bado.
Kwenye ripoti yangu, kwa kalamu nyekundu,
Bi Chilewa ameuliza: Matumizi ya mkusanyiko?
Karatasi ya tarehe ndani ya kitabu kile
ni nyeupe kama unga.

Lakini jana iliingia picha kutoka Mpunguzi:
mzabibu mmoja, shada moja,
limevaa gazeti la juzi,
na juu ya waya ndege ametulia,
anasoma.