Treni Inaingia

Mwandishi kaandika: "Treni inaingia."
Maneno mawili na nukta,
kisha, naona, akaenda kujipikia chai.

Niliyebaki na treni ni mimi,
Meinir, mshona mapazia mstaafu,
na pauni arobaini ndani ya kopo la biskuti,
na mlango wa ukumbi wa kanisa ambao hata jeneza
hupitishwa kwa ubavu.

Nant-y-Garreg, Februari. Vifusi vya mawe ya kuezekea
vimeinama juu ya mji, na mvua haijui kwingine pa kwenda.
Gundi inakataa kukauka. Rangi nayo imesusa.
Gethin wa duka la baiskeli kaleta magurudumu sita,
hakuna mawili yaliyo ndugu.
Tegwen wa maktaba katoa kifuniko cha pipa: uso wa treni.
Bomba la moshi ni ndoo isiyo na kitako,
na moshi wenyewe ni birika la umeme
ambalo mwenyekiti ametuambia, mara tatu, tusilitumie.

Mbao tumezitoa chini ya jukwaa,
stoo ya panya na ya misimu yote.
Kuna ubao mmoja mrefu. Umeshakuwa kaunta ya baa,
umeshakuwa sitaha, umeshakuwa kitanda
alichofia mfalme kila Ijumaa
na mara mbili Jumamosi.
Ukiusugua kwa msasa unarudi nyuma:
chini ya kijani pana nyekundu,
chini ya nyekundu, anga la buluu lenye wingu moja baya
(nililipaka mimi, nalikumbuka, nilikuwa na haraka),
chini ya wingu, mbao tupu,
na kwenye mbao tupu, penseli:

"Upande huu juu.
Skrubu ya kushoto usiiamini.
Idwal."

Nikaketi juu ya ndoo.
Idwal tulimzika mwaka wa ile theluji kubwa.
Miaka kumi na tisa alinishikia ngazi,
na hatukuwahi kuambiana jambo
lisilohusu bawaba.

Gethin akauliza kama nataka chai.
Nikasema nataka keekee.

Sehemu ile sikuipaka rangi.
Kwa mbele ni treni nyeusi, inang'aa, kipya kinyemi;
kwa nyuma, anakopiga magoti kijana wa Gethin akisukuma,
ni misumari iliyopinda, uzi wa kushonea mapazia,
na mwandiko wa mtu.

Usiku wa kwanza. Kwaya imesimama
kwenye stesheni ya turubali. Piano ikatoa ishara.
Treni ikakwama.
Kushoto, bila shaka.
Kwaya ikarudia ubeti. Ikaurudia tena,
mpaka mwenye sauti nene akaanza kuuchukia.
Nyuma ya pazia nikasikia tusi la Kiwelisi
ambalo halikuwemo kwenye mswada.
Kisha kitu kikaachia, ikaja,
polepole, ikiyumba kama bata aliyeshiba,
na birika likapuliza. Samahani, mwenyekiti.

Safu ya tatu, mzee Bleddyn,
aliyekuwa akipunga bendera pale stesheni yetu
hadi walipong'oa reli na kuziuza kwa kilo,
akapandisha mkono wa koti, akatazama saa.
"Imechelewa," akasema, kwa sauti ya kazi.
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
Aliiangalia mpaka iliposimama kabisa,
ndipo akarudisha mkono wa koti.

Jumapili tumebomoa.
Majuma kumi na moja ya kujenga, dakika hamsini za kung'oa.
Magurudumu yamerudi dukani, kifuniko kwenye pipa lake.
Mwakani, nasikia, ni mchezo wa bustani:
"Maji yanatiririka," mwandishi kaandika,
na najua sasa hivi anatafuta majani ya chai.

Ubao nimeurudisha chini ya jukwaa,
uso wake ukutani.
Kabla ya kuuacha nimeongeza langu chini ya lake,
kwa penseli, herufi kubwa,
maana sijui macho ya atakayekuja yatakuwaje:

"Ya kushoto bado."