Vikombe Viwili

Dalali alikuja Jumanne, jina lake Pirkko,
akasimama mlangoni dakika nzima bila kuingia.
"Mnunuzi," akasema, "huamua
kabla hajavua kiatu cha pili."
Basi tukaanzia hapo, penye viatu:
buti zangu za theluji zikaenda stoo,
kitasa kikapakwa mafuta
kiache kulia kama paka aliyefungiwa nje.

Waliosema kizuri chajiuza
hawakuwahi kuuza nyumba Kuopio mwezi Machi,
theluji ikiyeyuka na kufichua uani
kila nilichodondosha tangu Oktoba:
glavu moja, koleo la plastiki,
kopo la rangi ya ukuta
ambayo Esko aliinunua na hakuipaka.

Toa picha, Pirkko akasema. Toa dawa juu ya friji.
Toa sweta ile inayokaa kitini kama mtu.
Oka mikate ya iliki saa nne kasoro robo,
wageni wakiingia wakute harufu,
wasikukute wewe.
Nikatii. Nikasugua sinki
hadi nikajiona humo,
nikaacha kusugua.

Kisha akaandaa meza ya dirishani:
vikombe viwili, visahani viwili,
kijiko kimoja kimelazwa upande
kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi
kwenda kutazama sanduku la barua.
Sikumwambia kitu.
Tangu majani yapukutike meza hiyo ina kikombe kimoja,
na barua za Esko huenda kwingine.

Nilikaa ndani ya gari ng'ambo ya barabara,
kofia hadi kwenye nyusi, kama mwizi wa nyumba yangu.
Mzee mmoja aligonga ukuta kwa kidole, akaondoka.
Mama mmoja alipiga picha za dari tu.
Halafu wakaja wale wawili, vijana,
soksi zake binti zimetoboka gumba,
wakavuka sebule bila kuitazama
wakaketi.
Yeye kwangu. Mvulana kwa Esko,
kiwiko palepale penye alama ya pasi.
Wakainua vikombe vitupu, wakajifanya wanakunywa,
akacheka mmoja, nadhani binti,
kioo hakipitishi sauti.

Jioni Pirkko akapiga simu: bei yote,
hawakupunguza hata senti.
"Wameipenda," akasema, "asubuhi yenu."

Yetu.

Nikakata mkate uliobaki, ulikuwa umekauka pembeni.
Vikombe nikaviosha vyote viwili,
kwa sabuni, kwa maji moto,
ingawa hakuna aliyekunywa.