Mlinzi Aliyeachishwa Kazi

Majaribio elfu moja mia nne na kumi na mawili,
yote ya kijani, isipokuwa moja.
Nje mto Emajõgi umeganda, Tartu imelala,
saa saba za usiku nimekaa na kipande cha mkate mweusi
nikilitazama lile jekundu
kama jino linalouma kinywani mwa mtu mwingine.

Kwa toleo la zamani la kompaila, lilipita.
Kwa toleo jipya, linaanguka.
Msimbo ni ule ule. Hakuna aliyegusa hata koma.

Vlastimil, kule Brno, mwenye programu, akawaka:
"Kompaila yenu imenimezea mstari!
Miaka ishirini na saba umesimama pale,
leo mnaniambia haukuwa na maana?"
Ildikó, kule Debrecen, mmoja wa wanaoitunza kompaila,
akajibu kwa namba ya ibara na namba ya ukurasa:
"Lugha haikukuahidi hilo.
Ulijenga juu ya kimya cha sheria
ukadhani kimya ni ridhaa."

Wiki tisa. Wapiganapo tembo –
na mimi nina kifurushi cha kutoa Ijumaa.

Nikaacha kusoma maneno yao, nikasoma ya mashine.
Nikaifumua programu hatua kwa hatua,
hamisha, linganisha, ruka, hamisha,
kama anayechambua mchele unguni,
na pale palipopaswa kuwa na "linganisha"
palikuwa laini. Hata kovu hakuna.

Mstari wenyewe ulikuwa mlinzi mlangoni.
Kazi yake: namba ikiongezwa moja kisha ikapungua,
piga kelele, funga.
Kompaila ikafungua sheria: namba ikiongezwa haipungui.
Mgeni huyo hayupo. Mlinzi wa nini basi?
Ikamwachisha kazi, bila barua,
ili programu iende mbio zaidi.
Mgeni akaja.

Nani mwongo hapo? Nilijiuliza nikipiga mswaki.
Ildikó ana kitabu. Vlastimil ana mlango uliovunjwa.
Na sisi sote mchawi tumempa mwana atulelee,
maana nani ana muda
wa kuandika sifuri na moja kwa mkono?

Nikamwandikia Vlastimil faraghani:
badili mstari, ni maneno matano, nimekuandalia.
Akanyamaza siku mbili. Kisha:
"Aliuandika Otakar, mwaka wa mafuriko,
maji yamefika ngazi ya tatu.
Sijawahi kuugusa."

Sikuwa na ibara ya kumjibu.
Nikaongeza neno moja kwenye amri ya kujenga,
la kuiambia kompaila: hapa usijitie ujuzi.
Kifurushi kikatoka, kizito kidogo, kijani tupu.

Ildikó akasema nimefunika jipu kwa bendeji.
Kweli.
Theluji inaanza tena. Mwezi wa nne toleo jingine laja,
na lile neno, nasikia, huenda wakaliondoa.